Kila Mti na Uchafu Wake

Siku ya kwanza kazini nilipewa fagio bovu. Nalisema hili mapema ili msije mkadhani nilianza na filimbi shingoni na kofia ya kijani kama mlivyonikuta. Fagio lenyewe lilikuwa la chelewa, limelika upande mmoja, kamba imelegea, ukifagia hatua kumi linakuachia njiti tatu njiani, kwa hiyo unafagia huku unachafua. Aliyenikabidhi aliniambia, "Bustani ndiyo hii. Jioni nisione jani." Akaondoka. Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu yote ya kazi.

Nimestaafu mwezi uliopita. Nyinyi vijana mnaobaki kuongoza wageni pale bustanini mmeniomba niandike, eti maneno yangu yasipotee. Basi nimenunua daftari kubwa, naandika asubuhi kabla bati halijapata moto hapa kwangu Mchikichini. Shule nimeishia darasa la tatu, na hilo la tatu sikulimaliza. Mjukuu wangu Rehema anasoma chuo mambo ya wadudu, na mnivumilie maana nitalirudia hili. Alitaka kuninyooshea sentensi. Nimemruhusu nukta na herufi kubwa tu, maneno aniachie.

Habari za vyeo na mshahara sitaandika. Vyeo nilivyopata vinaenea kwenye kiganja, na mshahara mnaujua, ndio huohuo mnaoulalamikia nyinyi.

Bustani yetu ni ya serikali na ipo katikati ya mji. Ukitoka Mchafukoge kwa miguu, jasho halijakutoka umefika. Upande huu maghorofa ya ofisi, upande ule barabara na honi, katikati miti mikubwa iliyopandwa na watu waliokwisha kufa zamani. Mimi ni Mzaramo wa mjini, nimezaliwa Gerezani, na kabla ya hapo mti kwangu ulikuwa kitu cha kufungia kamba ya kuanikia nguo. Miaka yangu ya kwanza pale sikuinua hata shingo. Mfagiaji haangalii juu. Mfagiaji anaangalia kinachoanguka.

Na hapo ndipo nilipojifunza kila kitu ninachokijua. Kila mti una uchafu wake. Mkungu unamwaga majani makubwa mekundu kwa mkupuo, leo kidogo, kesho umezikwa, halafu usiku popo wanakula kungu na kukuachia kokwa zimetafunwa nusu. Mwarobaini unamwaga vijani vidogo kama dagaa, vinaingia kwenye nyufa za saruji, huvitoi kwa fagio, unavitoa kwa kuinama. Mvinje unaangusha sindano zinazolala kama nywele kwenye sakafu ya saluni. Mfenesi unaangusha jani zito, gumu, linagonga chini kama mtu katupa ndala. Ilifika mahali nikifumba macho nikasikia jani limeanguka, nakwambia la nani.

Alinigundua Mzee Mponda. Huyu alikuwa mtunza miti mkongwe, sikio moja halisikii, na sijui kwa nini kila ukitaka kuongea naye anakugeuzia hilohilo. Alikuwa mkali, anatafuna tumbaku, na hakuwahi kunisifia mpaka anastaafu. Siku moja alinikuta natenganisha marundo, la mkungu kivyake, la mwarobaini kivyake.

"Unapanga takataka?" akaniuliza.

"Zinabebeka vizuri zikiwa za mama mmoja, mzee."

Akatema tumbaku. Akaokota kijani kimoja kutoka kwenye rundo la mwarobaini, akakirusha kwenye rundo jingine. "Hiki si mtoto wa huyu. Umekosea." Na kweli nilikuwa nimekosea. Tangu siku ile akawa ananifundisha, ingawa yeye angesema ananigombeza.

Wakati ule muongozaji wa wageni alikuwa kijana mmoja msomi, shati ndani, kalamu tatu mfukoni. Alikuwa anasimama mbele ya mti anasoma kibao, jina la kitaalamu, nchi ulikotoka, basi. Kibao kikiisha na yeye ameisha. Wageni wanaitikia ee, ee, kama kwenye mkutano wa mtaa, huku vidole viko kwenye simu. Mzee Mponda akawa anawatazama kwa mbali na kutikisa kichwa. "Wanapewa jina kabla hawajaujua mti," aliniambia. "Ni kama kuozeshwa mke hujamuona."

Siku kijana yule alipoumwa, lilikuja darasa zima la watoto wa shule ya msingi na mwalimu wao mmoja aliyechoka. Ofisini hakuna mtu. Mzee Mponda akaniambia, "Tatu, wachukue."

"Niwaambie nini, mzee? Mimi kusoma kibao kwenyewe mpaka nikae chini."

"Usiwaambie kitu. Wape kazi."

Nilikuwa na gunia la majani niliyotoka kuyafagia. Nikaingiza mkono, nikampa kila mtoto jani moja. Nikawaambia, "Huyu mtoto kapotea sokoni. Hajui jina la baba yake, hajui nyumba. Mtafutie mama yake umrudishe." Walitawanyika kama kuku waliomwagiwa mtama. Wakawa wanalinganisha, wananusa, wanabishana, mmoja akalia kwa sababu mama wa jani lake alipatikana akiwa na jani kama lile ila kubwa zaidi, akasema huyo ni shangazi. Mwalimu alikaa kwenye benchi akapumzika, na nadhani ndiyo sababu aliandika barua nzuri ofisini.

Basi nikawa muongozaji. Mfagiaji asubuhi, muongozaji mchana. Ndivyo kazi ilivyonipata, sikuitafuta.

Niwape ya vifaa. Filimbi ni ya kuitia watu, usiitumie kuwakaripia. Mimi nilikuwa na kanga niliyoshona mifuko miwili ndani, mmoja wa majani ya siku, mmoja wa pipi ya mtoto atakayelia. Chupa ya maji ni ya mgeni, si yako. Na gunia. Muongozaji asiye na gunia ni redio tu.

Jani liwe lililoanguka lenyewe. Hatuchumi. Mti wetu ukichumwa jani na kila mgeni, kabla ya Idi utakuwa mwiko wa kusongea ugali.

Na la mdomo. Hili nililipata kwa machozi. Mtoto mmoja wa kike aliokota mbegu za mbono kaburi pembeni ya uzio nikiwa nimegeuka, akatafuna na kuwagawia wenzake wawili akidhani ni karanga. Walitapika mpaka nikaona dunia imegeuka. Nilimbeba mmoja mgongoni, wawili wakabebwa na walinzi, tukakimbia hospitali. Walipona wote, na yule wa kwanza sasa ni mama, ameshaniletea wanawe. Lakini tangu siku ile kila matembezi nilianza na neno moja: mikono ifanye kazi, mdomo ukae. Mkisahau mengine yote msisahau hilo.

Sasa nifike kwenye chokaa, maana najua ndiyo mnayoisubiri. Mmekuwa mkinitania nayo miaka yote bila kujua kisa chenyewe vizuri.

Ilikuja barua kwamba waongozaji wote wa bustani na hifadhi wawe na cheti, na ili kupata cheti uwe umemaliza kidato cha nne. Mkuu wetu wakati ule alikuwa Mama Lyimo, Mchaga wa Marangu, mtu wa utaratibu, hata vifungo vyake vilikuwa na utaratibu. Aliniita ofisini, akafunga mlango.

"Bi Tatu, nimekuombea. Wamekubali kumtuma mkaguzi aje aone matembezi yako. Mara moja tu. Akiridhika, unabaki muongozaji. Asiporidhika, unarudi kwenye fagio moja kwa moja, na sina tena la kusema."

Fagio si aibu. Limenilelea watoto wanne. Lakini nilikuwa nimeshaonja kuona mtu mzima anashika jani na macho yanabadilika, na kurudi kuangalia chini tu nisingeweza. Usiku nilimwambia marehemu mume wangu, "Wakininyang'anya wageni, nitakufa nimesimama." Akasema, "Basi fanya maandalizi."

Nikafanya maandalizi. Na mimi ni mtu wa Dar es Salaam, kwetu mgeni rasmi akija maandalizi ni yaleyale kila mahali, ofisi, shule, zahanati. Unafagia na unapaka chokaa.

Nilifagia siku mbili, mimi na wafagiaji wenzangu wawili. Sikuacha jani. Nilipita mpaka chini ya mabenchi kwa mkono. Nikapunguza na ua wote wa pembeni, ukanyooka kama kola ya Mama Lyimo. Kisha nikachanganya chokaa kwenye pipa, nikapaka mashina ya miti yote, kuanzia chini mpaka kimo cha kifua changu, mti kwa mti, nikimaliza mmoja narudi nyuma kuutazama. Takataka tulizijaza magunia, tukataka kuzichoma, Mama Lyimo akasema moshi utamkera mgeni, basi tukazificha nyuma ya stoo, jalalani, mahali ambapo mgeni hajawahi kufika tangu bustani iwe bustani. Asubuhi ya siku yenyewe nilikuwa bado namalizia mti wa mwisho. Nikasikia geti. Nikanawa mikono, nikafunga kanga yangu ya kazi, nikaingiza mkono mfukoni kutafuta majani ya siku.

Mfuko mtupu.

Nikatazama chini. Ardhi nyeupe, imenyolewa kama kichwa cha mtoto. Nikatazama miti. Magome ambayo nilikuwa nawashikisha watu, huyu ana magamba, huyu ana makunyanzi, huyu laini kama shavu, yote yamevaa kitu kimoja. Nilikuwa nimefuta somo langu lote kwa mikono yangu miwili, na nilikuwa nimelifuta vizuri sana.

Mkaguzi aliitwa Bwana Masanja. Mrefu, faili kwapani, viatu vyeusi vinang'aa mpaka unaona mawingu. Alisema, "Fanyeni kama sipo," ndivyo wasemavyo wote, kisha akasimama nyuma yangu hatua mbili. Wageni siku ile walikuwa wakazi wa mjini waliotangaziwa na ofisi ya kata. Nitawatajia watatu. Mama Hadija, mkaanga samaki wa Feri, aliyekuja na wenzake na sauti yake. Kamlaben, mama wa Kihindu mwenye duka la vitambaa Mchafukoge, mpole, amevaa sari ya bluu. Na Mchaga mmoja mwenye duka la jumla la vyombo Kariakoo, ambaye kila mtu alimwita Mangi kama wanavyoitwa wote. Yeye miti haikumleta. Daktari kamwambia atembee.

Nikasimama mbele ya mti wa kwanza. Nikawaambia waushike. Wakaushika, wakaangalia viganja vyao, vyeupe.

"Bibi," akasema Mama Hadija, "mbona miti yako yote imevaa sare ya shule? Hapa nitajuaje mtoto wa nani?"

Wenzake wakacheka. Mangi akajifuta chokaa kwenye suruali, ikawa mbaya zaidi. Nikaenda mti wa pili, nikajaribu kusoma kibao, kama yule kijana wa kalamu tatu. Nikasoma herufi kwa herufi. Nikaona mtu wa kwanza anatoa simu. Nyuma yangu nikasikia kalamu ya Bwana Masanja inakwaruza karatasi.

Ningeweza kutuma mtu akalete gunia moja kutoka jalalani kwa siri. Niliwaza hivyo. Lakini nikaona nimeshaficha miti, nikianza na kuficha magunia nitakuwa nafanya kazi ya kuficha, si ya kuonesha. Nikageuka.

"Wageni wangu, nisameheni," nikasema. "Mimi ni mfagiaji wa bustani hii. Nimesikia anakuja mkubwa, nikafagia kila kitu nilichotaka kuwaonesha na kilichobaki nikakipaka chokaa. Siku mbili, kwa mikono hii. Kama mnataka kuiona bustani, nifuateni, ipo nyuma ya stoo."

Mama Lyimo alikuwa anatufuata kwa mbali. Aliponiona nakata kona, akaja haraka, sauti chini.

"Bi Tatu, unaenda wapi?"

"Jalalani, mama."

"Na mkaguzi?"

"Na mkaguzi."

"Bi Tatu, huko siko. Usiniaibishe."

Namheshimu mpaka leo, lakini ningesimama, ningelia. Nikapita, na watu wakanifuata, kwa sababu mtu wa Dar ukimwambia kuna kitu nyuma ya stoo lazima aende.

Jalala lilikuwa kama mnavyolijua, ila kubwa zaidi. Magunia mapya mbele, na nyuma yake rundo la miaka, jeusi, linatoa mvuke kidogo kama uji. Wakinamama wa Feri waliingia moja kwa moja, wao wamezoea kukanyaga vibaya kuliko hivyo. Bwana Masanja akasimama mwisho wa saruji, akaangalia viatu vyake.

"Mimi nitasubiri hapa," akasema.

Hapa ndipo niliposhika kamba moja tu iliyobaki. Masanja ni jina la Kisukuma, na Msukuma kwangu mimi Mzaramo ni mtani. Mtani hakasirikiwi, wala msibani, wala mahakamani.

"Mtani," nikamwambia, "nyinyi mmejifunza kutembea juu ya samadi ya ng'ombe. Leo majani makavu yamekuwa kinyesi?"

Mama Lyimo alifumba macho kabisa. Bwana Masanja alinitazama muda mrefu, uso haujasogea.

"Wewe Mzaramo," akasema mwishowe, "kwenu kazi ni ngoma. Hilo fagio umelijulia wapi?"

"Nimelijua jana na juzi, ndiyo maana leo sina la kukuonesha. Shuka, mtani, nikupe mtoto."

Akashuka. Kiatu cha kulia kilizama mpaka kwenye kamba.

Nikapindua magunia. Nikampa kila mtu jani, na yeye nikampa lake, nikawaambia maneno yangu yaleyale ya mtoto aliyepotea. Kumbe chokaa ilinifundisha kitu. Zamani watu walikuwa wanadanganya, wanaangalia chini, wakiona majani kama lao wanasema mama ni huyu. Siku ile chini hakuna kitu, shina halisemi. Ikabidi wainue shingo. Watu wazima wamepita kwenye mji huu miaka thelathini bila kuangalia juu ya bango la duka, leo wamesimama vichwa nyuma, midomo wazi, wanagongana.

Mama Hadija alibaki kwenye rundo la zamani, anafukua kwa kijiti. Akatoa funza mweupe, mnene, kajikunja. "Huyu mbona mnene kuliko kamba wangu wa jana?" akauliza. "Anakaangika?" Nikamwambia huyo ni mtoto wa chonga, mdudu mweusi mwenye pembe anayetoboa minazi, na humo jalalani ndimo anamolelewa, kwenye joto, anakula majani yaliyooza mpaka anageuka. Waliacha kucheka, wakachuchumaa. Bwana Masanja naye akachuchumaa, faili juu ya goti. Jioni yake nilichukua mmoja kwenye kopo la maziwa nikampelekea Rehema, wakati ule yuko darasa la pili. Alimlisha majani miezi na miezi mpaka akatoka na pembe yake. Sasa mnajua kwa nini yuko chuo anasoma wadudu. Nilisema nitalirudia.

Kamlaben alikuwa na jani la umbo la moyo lenye mkia mrefu. Hakuuliza mtu. Aliinua macho mara moja, akaenda mpaka kwenye ule mti mkubwa wa kona ya kaskazini, akavua viatu, akauzunguka taratibu, mkono kwenye shina, chokaa na yote. Aliporudi akaniambia, "Mama, huu kwetu ni wa ibada. Nimekaa mtaa wa tatu kutoka hapa tangu nimeolewa, sikujua mpo nao." Nilikuwa nimefagia chini ya ule mti maisha yangu yote, na mimi sikujua ni wa nani.

Na Mangi. Mangi alikuwa ameacha jani nililompa, anachambua gunia la vipande vya ua kimya kimya. Akatoa jani moja refu, bichi, jembamba kama upanga.

"Nani katupa hili humu?"

"Mimi. Nimepunguza ua jana."

"Kwetu hili halitupwi," akasema. Sauti ilikuwa imebadilika, si ya dukani tena. "Hili ni isale. Yule mama mkuu wenu ni Mchaga?"

"Wa Marangu."

"Amekukasirikia."

"Si unamuona."

Mama Lyimo alikuwa amesimama kwenye saruji, mikono kifuani, hashuki. Mangi akalifunga lile jani fundo moja katikati, akaniwekea mkononi. "Mpelekee. Mpe kwa mikono miwili. Usiseme neno."

Nikapanda. Nikampa. Mama Lyimo aliliangalia lile fundo, akaniangalia, akaangalia tena fundo. Mkono wake ulipanda mdomoni. Baadaye ndiyo nilielezwa kwamba Mchaga akipelekewa isale lililofungwa hana ruhusa ya kukataa kusamehe, hata kama kesi ni ya damu. Wakati ule nilijua tu kwamba kola yake imelegea.

"Nani kakufundisha hili?" akaniuliza.

"Jalala, mama."

Akalipokea. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Akavua viatu vyake vya kisigino, akashuka kwenye majani, akasimama mbele ya wale wageni na lile jani mkononi, akawaeleza yeye mwenyewe: jinsi babu yake alivyolipanda kwenye mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, jinsi ndugu wawili waliogombana miaka mingi walivyokula sahani moja kwa sababu ya jani kama lile, na jinsi alivyokuwa anapita kwenye ule ua kila asubuhi anaenda ofisini bila kuugusa. Mangi alikuwa anaitikia kwa Kichaga.

Bwana Masanja alikuwa wa mwisho kupata mama wa jani lake. Lilikuwa la mfenesi, mti uliokuwa umempa kivuli muda wote. Wakinamama walimwacha atafute, hawakumwambia, wakamshangilia alipogonga kichwa kwenye fenesi.

Mwisho akakaa kwenye benchi, akafungua faili. Mimi nilisimama mbele yake.

"Mtani," akasema, "fomu hii ina maswali kurasa tatu, na hakuna hata moja linalouliza kuhusu jalala." Akaigeuza, akaanza kuandika nyuma, kwenye weupe. Aliandika mpaka chini. Akapiga saini, akainuka, akanionesha kiatu. "Na hiki utakilipa siku ya msiba wako."

Nilibaki. Barua ilipokuja ilisema zaidi ya hivyo, kwamba vijana wote wenye cheti watakaoletwa pale waanze kwanza kwa kufagia na mimi mwezi mzima. Ndiyo maana kila mmoja wenu alishika fagio kabla ya filimbi, mkaninung'unikia, na nilisikia. Ndiyo maana matembezi yetu yanaanzia nyuma ya stoo. Chokaa ile ilichukua masika mawili kutoka, na kila mvua iliponyesha nilikuwa natoka kuangalia imeshuka kiasi gani, kama mtu anayesubiri kidonda kipone.

Nimemaliza, isipokuwa siku ya mwisho, ambayo mlikuwepo lakini hamkuiona kwa macho yangu.

Mliniambia kuna sherehe ya kuniaga na mgeni rasmi atakuja. Nilikuja asubuhi na Rehema, nimevaa dera jipya, na moyoni najua nitakachokikuta. Mgeni rasmi ni mgeni rasmi. Nilijiandaa kuona ardhi nyeupe na mashina yamevaa sare. Nilikuwa nimeshaamua nisiseme kitu, siku ya kuagwa mtu hagombezi.

Mlinzi akafungua geti. "Shikamoo bibi."

"Marahaba," nikasema, na mguu wangu ukashuka kwenye kitu kikapasuka. Jani la mkungu, jekundu, kavu. Pembeni yake jingine. Njia yote, kutoka getini mpaka kwenye viti vya wageni, majani. Sindano za mvinje kwenye zulia. Kokwa za popo juu ya meza kuu, hakuna aliyezitoa. Mashina yako wazi, kila moja na ngozi yake. Na nyinyi mmesimama mstari, kofia za kijani kichwani, hakuna hata mmoja mwenye fagio.

"Hamjafagia," nikamwambia aliyekuwa wa kwanza.

"Siku tano, bibi," akajibu. "Na pipa la chokaa tumelifungia stoo, ufunguo tumeupoteza makusudi."

Mgeni rasmi alipofika tulimsikia kabla hatujamuona, kwacha, kwacha, kwacha, na viatu vyake vizuri, anatazama chini anashangaa, mpaka Rehema akamwekea jani mkononi na kumwambia amtafutie mama yake. Akainua shingo.

Nimepewa saa ya ukutani, vitenge na hotuba. Nashukuru, saa inatembea. Lakini katika maisha yangu yote ya kazi sijawahi kupewa heshima kubwa kama uchafu ule.